Kubisha Hodi Kwenye Pango: Yale Tuliyojifunza Musanze

Utangulizi

Katika likizo kubwa ya mwaka wa 2016, chama chetu kilipanga safari ya kujifunza: kwenda kutembelea pango la Musanze, katika inchi jirani ya Rwanda. Watu wengine walituuliza: "Sasa munavuka bariera juu ya kwenda kuona shimo? Hapa Goma mashimo haiko?" Lilikuwa swali la mzaha, lakini lilikuwa na haki. Sisi watu wa Goma tunalala juu ya mawe ya volkano, tunajenga kuta kwa mawe hayo, vijana wetu wanasukuma chukudu juu yake, na chini yake kuko mapango ambayo hatuyaingii wala hatuyazungumzii. Ilibidi twende kwa jirani, tulipe pesa, ili tuonyeshwe kitu cha namna ile ile tuliyo nayo nyumbani.

Katika maandiko haya hatutaki kuhadisia safari tu. Tunataka kueleza namna pango lile lilivyotulazimisha kurudia swali moja ambalo linatuhusu sisi walimu mbele ya wengine wote: wazee waliposema "usishuke kule, kuko pepo mubaya", je, walikuwa wanadanganya watoto, ao walikuwa wanafundisha?

1. Njia na mlango

Kutoka Goma mpaka Musanze ni kilometa kama 60 hivi. Tulivuka Bariera Ndogo asubuhi mapema, watu kumi na wanne, pamoja na mzee mmoja wa chama chetu ambaye alikuwa amefika miaka sabini. Barabara ni ya lami, inapanda kutoka Gisenyi, na upande wa kushoto milima inajionyesha mmoja mmoja. Mzee alikuwa anaita majina yao kama mtu anayeita watoto wake wakati wa chakula: Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga, Muhabura. Vijana walikuwa wanapiga picha. Yeye alikuwa anasalimu.

Mji wa Musanze ndio ule ambao wazee wetu wanaendelea kuuita Ruhengeri. Pango lake lina urefu wa kilometa kama mbili, na lilifunguliwa kwa watalii mwaka wa 2013. Huwezi kuingia peke yako: unalipa, unapewa mwongozaji, kofia ngumu na toroshi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu, anayesema Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda, na alitwambia kwamba kwa lugha yao pango linaitwa ubuvumo.

Tulishuka kwa ngazi ndani ya shimo kubwa lenye majani na miti midogo, mpaka mbele ya mdomo wa pango. Mdomo ule ni mrefu kama mlango wa kanisa kubwa. Pale mzee alisimama, akavua kofia aliyopewa, akasema kwa sauti ya kawaida: "Hodi."

Vijana wetu walicheka. Hata sisi, tusifiche, tulitabasamu. Lakini mwongozaji hakucheka. Alisema: "Karibu, muzee. Umefanya muzuri. Humu ndani kuko wenyewe."

Kisha mzee akamuuliza: "Kijana, popo ziko?"

"Ziko nyingi sana, muzee."

"Basi hewa iko. Twende."

Ile siku hatukutia maanani maneno hayo mawili matatu. Tuliyaelewa baadaye, wakati wa kutoka, na ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

2. Namna moto unavyojenga nyumba

Mapango ya mawe meupe, kama yale ya Mont Hoyo kule Ituri, yanachimbwa na maji polepole, kwa maelfu ya miaka. Pango la lava ni jambo lingine: linajengwa na moto, na kazi inaweza kwisha kwa siku ao majuma machache tu.

Mwenye kutaka kuelewa aende jikoni. Mama akipika uji na kuuweka pembeni, juu unashika ngozi, lakini chini ungali wa moto na ungali unatembea. Mto wa lava unafanya vile vile. Upepo unapoza sehemu ya juu, inakuwa ngumu, inakuwa dari. Chini ya dari ile lava inaendelea kukimbia, tena inakimbia mbali zaidi kuliko kama ingekuwa wazi, kwa sababu dari inaitunzia joto. Siku volkano inapoacha kutoa, lava ya ndani inamalizika kutiririka kuelekea chini, na nyuma yake inabaki nyumba tupu, ndefu kama bomba. Ndiyo ile tuliyoingia.

Mwongozaji alituonyesha alama kwa toroshi yake. Ubavuni kuko mistari inayokwenda sambamba na sakafu: hiyo ndiyo vipimo vya lava namna ilivyokuwa inapungua, kama vile maji ya ziwa yanavyoacha mstari kwenye jiwe wakati wa kiangazi. Juu ya dari kuko meno madogo meusi ambayo ni matone ya lava yaliyoganda kabla ya kuanguka. Mahali kwingine dari imeanguka, mwanga unaingia kama dirishani, na majani mabichi yameota pale mwanga unapogusa. Baada ya dirisha, giza linarudi, na popo wanasikika juu.

Tulipokuwa tunasikiliza tulifikiri juu ya Nyiragongo yetu. Lava yake ina silika kidogo sana. Kwa hiyo ni nyepesi, inatiririka karibu kama mafuta. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na mahali penye mteremko mkali lava ilikimbia mpaka kilometa 60 kwa saa. Hata mtu wa pikipiki hawezi kuikimbia katika njia zetu za mawe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia katika Ziwa Kivu. Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi wa taasisi ya ualimu. Tulivuka kwenda Gisenyi na godoro kichwani na daftari mbili ndani ya shati. Kumbe katika Musanze tulikuwa tunatembea ndani ya tumbo la siku kama ile, siku ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

3. Giza na kumbukumbu

Katikati ya njia mwongozaji alituomba tuzime toroshi zote kwa dakika moja. Giza la usiku kila mtu analijua. Hata pasipo mwezi, macho yanazoea. Giza la pango halizoeleki. Unaweka mkono mbele ya uso, hauko. Kwa mara ya kwanza ile siku vijana walinyamaza.

Ndani ya giza lile mzee alianza kusema, bila kuulizwa. Alisema kwamba mwaka wa 1996, vita ilipofika kwao upande wa Rutshuru, familia yake ililala siku tatu katika pango la namna hii. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka juu, wakayakinga kwa sahani. Kulikuwa na mtoto mwenye kikohozi, na mama yake alimfunga mdomo kwa kitenge kila mara waliposikia hatua za watu juu ya dari. "Tulikuwa tunasikia viatu juu ya kichwa," alisema. "Nilijifunza kwamba jiwe liko na masikio pande mbili."

Mwongozaji alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba hapa kwao pia, katika vita na mauaji ya miaka ya 1990, watu walikimbilia katika mapango, na si wote waliotoka. "Ndiyo maana nilisema kuko wenyewe," akaongeza. Hakusema mengi zaidi, na sisi hatukumlazimisha. Tuliwasha toroshi. Hakuna aliyepiga picha tena mpaka tulipofika kwenye dirisha lililofuata.

Hapa tunaomba msomaji atambue jambo moja. Kitabu cha jeografia kitasema kwamba pango ni umbo la ardhi. Kwa watu wa milima yetu, pango ni vilevile nyumba ya siku mbaya na, kwa wengine, kaburi. Mtu anayebisha hodi mbele yake hajapungukiwa na akili.

4. Mlima uliolala na mlima ulio macho

Njiani wakati wa kurudi mazungumzo yalielekea Ryangombe, ambaye Bashi wanamwita Lyangombe. Wasomaji wengi wanajua habari yake: mwindaji shujaa aliyeuawa na mbogo, na mti wenye maua mekundu ulimpokea wakati wa kufa kwake. Ibada yake, kubandwa, ilienea katika Rwanda, katika Kivu, na Burundi ambako yuko kwa jina la Kiranga. Kufuatana na imani ile, waliopokelewa katika ibada wakifa wanakwenda kukaa pamoja na Ryangombe juu ya Karisimbi. Wengine wanasema ni Muhabura. Wasiopokelewa wanatupwa ndani ya Nyiragongo, wanateseka katika moto.

Wamisionari walipiga vita ibada hiyo, na katika masomo tulifundishwa kwamba ni ushenzi. Hatuandiki hapa ili kumrudisha mtu yeyote katika kubandwa; kila mmoja ana imani yake. Lakini tazameni jeografia iliyo ndani ya imani ile. Karisimbi una meta 4.507, ni wa baridi, na mara kwa mara kichwa chake kinakuwa cheupe; jina lake lenyewe linaunganishwa na simbi, ganda jeupe la konokono. Hakuna mtu aliyewahi kuhadisia kwamba aliuona ukitoa moto. Ndipo walipoweka mahali pa raha. Nyiragongo, meta 3.470, usiku unaangaza mawingu kwa rangi nyekundu. Ndipo walipoweka mahali pa adhabu. Mtu ambaye hakuingia darasa lolote la jiolojia alijua vizuri mlima upi umelala na upi uko macho, na aliwafundisha watoto wake wakae wakielekea upi na waogope upi.

Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka wa 1894, na vitabu vingi vinaanzia hapo. Mwaka wa 1910 Wazungu waligawana milima hii kwa mkataba, mpaka ukapita katikati ya Virunga. Hadisi ya Ryangombe haikukata paspoti; inasimuliwa bado pande zote mbili, na milima yake ni ile ile.

5. Mazuku

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo ni vigumu kwetu kuiandika.

Upande wa magharibi wa Goma, kwenye njia ya Sake na kandokando ya ziwa, kuko mabonde madogo na mashimo ambamo hewa ya kaboni inatoka chini ya ardhi. Hewa hii, ambayo katika masomo tunaandika CO2, haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo inakaa chini, kama maji ndani ya beseni. Usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka, beseni linajaa. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mwenye mbuzi anashuka kumwinua, anaanguka vilevile. Wazee waliita jambo hili mazuku, upepo mbaya, na walisema kwamba ni kazi ya pepo. Leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima, wakiandika kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza, wanatumia neno hilo hilo, mazuku. Ni neno letu. Wao walikuja kulijifunza kwetu.

Mwaka wa 2009 tulikuwa tunafundisha kemia na biolojia. Siku moja mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu aliuliza juu ya pepo za kwenye mabonde, na darasa likacheka. Sisi tulijibu kwa ufupi, kwa sababu saa ilikuwa inakaribia kwisha, kwamba sayansi haijui pepo, hayo ni mambo ya kutisha watoto. Majuma machache mbele ya hapo tulikuwa tumeandika ubaoni yote juu ya CO2: uzito wake, namna ya kuitengeneza, namna inavyozima moto. Wanafunzi walikuwa wameandika katika daftari. Hatukutamka neno mazuku hata mara moja. Tulikuwa na majibu mikononi, tukaona swali kuwa la kijinga.

Mwezi uliofuata mwanafunzi yule alikufa. Alikwenda alfajiri kutafuta mbuzi wa nyumbani, akamwona amelala chini katika bonde, akashuka.

Kwenye matanga nyanya yake alitujia, hakutujua sisi ni nani. Alisema: "Nilimukataza asishuke mbele jua halijapanda. Akaniambia mwalimu alisema pepo haiko."

Mwalimu yule ni sisi. Hatukuwa na neno la kumjibu, na mpaka leo hatujalipata.

Ndiyo sababu, tulipotoka katika pango la Musanze na kukaa kwenye majani kuvua kofia zile, tulimuuliza mzee kwa nini aliulizia popo. Alitujibu: "Popo anapumua kama wewe. Kama iko hai na inaruka, nawe utapumua. Nikikuta pango bila popo, bila mududu, na majani ya mlangoni yamenyamaza, siingii, hata munilipe."

Tukamuuliza tena: "Na hodi?"

"Ukisema hodi, unasimama. Ukisimama, unaangalia. Mutu mwenye kuingia mbio hana nafasi ya kuangalia."

Kisha tukamhadisia habari ya mwanafunzi wetu, ambayo hatukuwa tumeihadisia katika chama. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema: "Bazee balisema pepo juu hawakukuwa na jina ingine. Nyinyi muko na jina ingine. Lakini mbuzi inakufa ile ile."

6. Tufanye nini?

Msomaji asielewe vibaya. Hatusemi kwamba kila neno la wazee ni sayansi. Pepo si maelezo ya kutosha: mtu anayefikiri ni pepo anaweza kulipa mganga na kushuka bondeni akiwa na hirizi, na hewa ya kaboni haijali hirizi. Hata alama ya popo ni alama tu, haitoshi peke yake. Na mshumaa vilevile, kwa maana hewa hii inaweza kumwangusha mtu wakati mwali ungali unawaka. Lakini katazo lenyewe lilikuwa sahihi: usishuke mahali pa chini, usishuke alfajiri, usimfuate mnyama aliyeanguka, usimfuate hata ndugu yako bila msaada. Wazee walibeba katazo hilo ndani ya hadisi, kama mtu anayebeba yai ndani ya majani. Sisi wa masomo tuliona majani makavu, tukayatupa, na yai likaenda pamoja nayo. Methali inasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanafunzi wetu alisikia la mkuu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kulisahau.

Tangu safari ile tumegeuza somo. Tunachukua siki na bikarboneti, tunatengeneza hewa ya kaboni ndani ya chombo, tunaimwaga juu ya mshumaa kama maji, nao unazimika mbele ya macho ya wote. Mara moja tunaandika ubaoni: mazuku. Kisha tunawatuma wanafunzi nyumbani na kazi moja: ulizeni nyanya na babu zenu mahali gani walikatazwa kushuka wakiwa watoto, na kwa maneno gani. Wanarudi na majina ya mabonde, ya mashimo, ya mapango, mengine katika Kihunde, mengine katika Kinyarwanda, mengine katika Kiswahili. Mengi hayako katika ramani yoyote tuliyoiona. Baadhi ya mashimo hayo, ndani ya mji, yamekwisha kugeuzwa mahali pa kutupa takataka, na mengine yamejengewa nyumba juu.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulimwagika tena. Lava ilisimama pembeni ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na maelfu na maelfu ya watu walikwenda kwa miguu upande wa Sake, yaani kwenye njia ile ile ya mazuku. Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani alituhadisia baadaye kwamba jamaa yake ilitaka kutandika hema katika bonde moja zuri, lenye majani, lisilo na upepo. Yeye alikataa, akawapandisha juu kwenye mawe na baridi. Walimnung'unikia usiku kucha. Kama kulikuwa na hatari mahali pale, hatujui, wala yeye hajui. Tunajua tu kwamba alisimama na kuangalia kwanza.

Mwisho

Tangu mwaka wa 2016 mambo mengi yamegeuka katika eneo letu, na safari kama ile haipangwi tena kwa wepesi. Mzee wetu amekwisha kufariki. Majina ya mabonde aliyokuwa anayajua upande wa Rutshuru tuliandika machache tu, kwa sababu tulidhani kungali wakati.

Kwa hiyo tunamwomba kila msomaji wa kitabu hiki afanye jambo dogo. Asingoje mwongozaji wa kulipwa. Amtafute mtu mzima wa nyumbani kwake, akae naye, amuulize: mahali gani mulikatazwa, na mulikatazwa namna gani? Aandike jina la mahali, lugha, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, hata kama ndani yake kuko pepo. Mwalimu wa kemia atayasoma kwa upande wake, mwalimu wa historia kwa upande wake, na mtoto atapata yote mawili.

Na mbele ya pango lolote, la Musanze ao la nyuma ya nyumba yako, piga hodi. Kisha usimame kidogo, uangalie.